Arobaini ya Pomboo

"Maneno matatu tu, Bi Mwatima! Njia ni nyeupe. Hata mtoto wa chekechea anaweza kuyasema."

"Basi kamlete huyo wa chekechea," nikamjibu. "Mimi siyasemi."

Injinia Semkiwa akapiga meza kwa kiganja, chai yangu ikamwagika kwenye sahani. Tulikuwa tunavutana tangu asubuhi, na jua lilikuwa limeshaingia kwenye dirisha la chumba cha usikivu, linatuchoma shingo wote wawili. Yeye ni meneja wa Bandari ya Ras Mtama. Mimi ni msikilizaji wa zamu. Kwa cheo ni bosi wangu, anaweza kunihamisha, kuninyima likizo, kunisimamisha mbele ya wenzangu akanifokea. Kuna jambo moja tu ambalo hawezi. Hawezi kufungua kufuli.

"Meli ya Zumaridi iko nje ya mwamba tangu juzi," alisema. "Ina vichujio vya mtambo wa kusafisha maji chumvi. Vilivyopo vimekufa. Mji mzima hauna maji. Hospitali inapima maji kwa kikombe. Wewe umekaa hapa na diploma yako, unamlinda nani? Samaki!"

"Pomboo si samaki, Injinia. Hilo nalo ni la chekechea."

"Sawa, si samaki. Kwani mtoto wake yuko hai?"

Nikaimimina chai ya kwenye sahani kikombeni.

"Nakuuliza kwa lugha nyepesi. Mtoto wa huyo pomboo yuko hai au amekufa?"

"Amekufa."

"Haya." Akafungua mikono yake kama mtu aliyemaliza hesabu. "Sikuombi uongo. Nakuomba ukweli. Sema ukweli huo kwenye mashine, meli iingie, watu wanywe maji."

Hapo ndipo aliponipata, na alijua amenipata.

Niliweka vipokea sauti masikioni nikamgeuzia mgongo. Chini ya maji, katikati ya mlango wa bandari, Pengo alikuwa anaita. Tunamwita Pengo kwa sababu pezi lake la mgongoni limemegwa. Kila pomboo ana mluzi wake, anaufahamu kama wewe unavyofahamu jina lako likitajwa sokoni. Mama akitaka mtoto aje, hupiga mluzi wa mtoto. Mtoto akisikia, huuitikia kwa mluzi uleule. Mashine yetu inaitwa Mkalimani, ingawa haijawahi kutafsiri hata salamu. Kazi yake ni kutenganisha miluzi na kuhesabu nani yumo majini. Kwa Pengo ilikuwa inatuandikia kwenye kioo: wawili. Yaani Mkalimani alikuwa anasikia mluzi wa mtoto na kudhani ni mtoto. Hakuwa mtoto. Alikuwa ni mama anarudia jina la mwanawe, ananyamaza kidogo, anarudia tena.

Kamera ya boya ilishatuonyesha Pengo mwenyewe. Alikuwa amembeba yule mtoto juu ya pua, anamwinua juu ya maji ili avute pumzi. Anateleza, anazama naye, anamwinua tena. Wenzake watatu walikuwa wanazunguka pembeni bila kumkaribia.

Nikavua vipokea sauti. "Anamwita bado."

"Najua anamwita. Inasikitisha. Na mimi nina watoto." Semkiwa akavuta kiti akakaa, sauti ikashuka. Semkiwa si mtu mbaya. Mtu mbaya ningemmaliza saa mbili asubuhi. "Lakini soma sheria, mama. Mkataba unasema mzazi wa majini na mtoto wake wataachwa bila kusumbuliwa mpaka arobaini itimie. Mzazi na mtoto. Mtoto hayupo. Kwa hiyo arobaini hakuna."

"Nani kakwambia?"

"Wanasheria wa makao makuu ya kampuni ya bandari."

"Wamezaa?"

"Bi Mwatima."

"Nauliza tu. Kati yao wapo waliozaa?"

Akatoa simu yake akaitazama, halafu akaiweka mezani, uso wa simu juu, akaibonyeza. "Yupo mtu anataka kuzungumza nawe."

"Mama?" Sauti ilijaza chumba. Nyuma yake mtoto mchanga alikuwa analia kile kilio chao cha njaa, kama paka amebanwa na mlango.

Ilikuwa ni Hidaya, binti yangu. Alijifungua wiki iliyopita, yuko kwangu, chumbani kwangu, kwenye kitanda changu.

Nilimtazama Semkiwa. "Umempigia simu mzazi wa wiki moja? Yuko ndani ya uzazi, hajatoka hata barazani, wewe unampigia mambo ya bandari?"

"Mama, usimgombeze, mimi ndiye niliyekubali," Hidaya alisema. "Mama, maji hakuna. Ndoo ya mwisho tumetumia jana. Bi mkubwa aliyekuja kunikanda ameondoka, kasema hawezi kukanda mtu kwa hewa. Nanuka, Mama. Mtoto ananuka. Wewe uko huko unamlinda mzazi wa baharini, na mzazi wako wa nyumbani anaoga kikombe kimoja."

Sina la kuficha, maneno yale yalinichoma. Nilitaka kusema niko kazini, lakini hilo si jibu la kumpa mtu aliyejifungua.

"Kwenye jagi jekundu, juu ya kabati, kuna maji," nikasema.

"Tumeshayanywa."

"Yale ya kunawia je?"

"Mama! Semeni hayo maneno yenu meli iingie."

Semkiwa alikuwa anatazama dirishani kwa adabu, kama mtu asiyesikia.

Ngoja niseme kufuli ni nini, maana watoto wa sasa wanalikuta lipo na kudhani lilizaliwa na bahari.

Kwanza ulimwengu ulikataza kuua nyangumi. Waliokatazwa kuvua kwa biashara wakavua kwa jina la utafiti. Ikakatazwa kuuza nyama na mifupa. Ikauzwa kwa majina mengine. Zikatengwa bahari za hifadhi, zikachorwa kwenye ramani, lakini meli hazisomi ramani ya hifadhi, zinasoma ratiba. Hatimaye nchi za pwani yetu zikakaa na wengine, zikaandika Mkataba wa Bahari Hai, na safari hii haukuishia kwenye karatasi. Kila meli inayoelea katika maji ya nchi zilizotia saini ina kufuli kwenye injini. Ukikaribia mlango wa bandari, injini inazima yenyewe na kusubiri. Hakuna hati inayoliamuru kufuli lifunguke, wala simu ya waziri. Linafunguka kwa sauti ya msikilizaji aliye hai, aliyesikiliza maji kwa masikio yake na kutamka kwamba njia ni nyeupe. Mwanzoni mashine ndiyo iliyokuwa inatamka, mpaka watu wakaifundisha uziwi. Ndipo ikaamuliwa atafutwe mtu, mwenye jina na kwao, ambaye akisema uongo inajulikana tumfuate nyumba ipi.

Na arobaini ni yetu. Wajumbe wa pwani ndio walioidai. Wataalamu walileta takwimu za unyonyeshaji, kurasa na kurasa, wakabishana mpaka wakachoka. Mama mmoja wa Kilindoni akasimama akauliza kwa nini wasiseme tu arobaini, kila mtu anajua ni nini. Ikaingia. Ila aliyeiandika kwa lugha ya sheria hakuwa mtu wa kwetu. Alidhani arobaini ni ya mtoto.

Kilichonitisha zaidi ya yote ni kifungu cha mwisho. Palipo na pengo katika sheria, tamko la msikilizaji ndilo sheria, hadi Baraza la Mkataba litakapoketi kulipitia. Likitamkwa hapa, linaingia kwenye makufuli yote, kuanzia kusini kwetu hadi juu kwenye Pembe ya Afrika. Makao makuu walikuwa wanajua hivyo. Mlango wa Ras Mtama ndio wanaotaka kupitisha meli za gesi mwakani, na pomboo huzaa humu kila mwaka.

Nikaegemea meza. "Injinia, vichujio vina uzito gani?"

"Kwa nini?"

"Vina uzito gani?"

"Kimoja wanabeba watu wawili."

"Basi vishushwe kule kule nje ya mwamba, kwenye mashua zisizo na injini, zipitie kijito cha mikoko. Kule pomboo haingii, ni tope na maji ya magotini. Sheria haikatazi kasia wala pondo. Ulifikiria hilo?"

"Nilifikiria."

"Ukasemaje?"

"Niliwaandikia makao makuu. Wakasema hapana, meli iingie kwa njia yake." Alijikuna shingo. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile alikwepa macho yangu.

"Basi hawataki maji," nikasema. "Wanataka tamko langu. Maji ni chambo."

"Wanataka vyote viwili."

"Na wewe unataka nini?"

"Mimi nataka mji wangu unywe maji leo, Mwatima!" Alisahau u-Bi wote. "Sijali gesi yao. Nimetoka hospitalini saa moja. Unajua hali ya wodi ya watoto? Pomboo mmoja aliyeshafiwa, tumsogeze kidogo, atasogea, ataendelea kuita huko mbele. Mtoto wake hatarudi. Wale wa wodini wanaweza kurudi. Nieleze hapo nimekosea wapi."

Mtoto wa Hidaya alikuwa bado analia kwenye simu. Nilikuwa nimesahau kwamba hajakata.

"Mama," Hidaya alisema polepole. "Mtoto wake amekufa?"

"Amekufa, mwanangu."

"Lini?"

"Juzi. Bado amembeba."

Nikasikia akimgeuza mtoto upande wa pili, kilio kikakatika, akaanza kunyonya.

Huyu Hidaya si mwanangu wa kwanza. Wa kwanza alikuwa mvulana, aliishi usiku mmoja. Mama yangu alinifungia ndani arobaini nzima, akanikanda kwa maji ya moto, akaninywesha uji wa pilipili manga mpaka nikautapika, na hakuna jirani hata mmoja aliyebisha hodi kuuliza mbona sirudi kazini na mtoto hayupo. Hidaya anaijua habari hiyo. Kila mwanamke wa kwetu anaijua yake au ya dada yake.

"Asitolewe," Hidaya akasema.

Semkiwa akageuka. "Samahani?"

"Nimesema huyo mama asitolewe. Yuko ndani. Anatolewaje?"

"Wewe si ndiye uliyetaka—"

"Na bado nataka! Sijamwambia mtu sitaki maji. Mama, usinielewe vibaya, sijakuruhusu uniache ninuke. Tafuteni maji, na huyo asitolewe. Nyinyi ndio mliosoma." Akakata simu.

Nilicheka. Sikupanga, kicheko kilitoka tu. Semkiwa hakucheka.

"Saa nane zamu yako inaisha," akasema. "Makao makuu wamemtuma msikilizaji mwingine kwa ndege. Kijana. Ameshaelezwa. Ukikataa kusema, unafika nyumbani saa tisa, na yeye saa tisa na robo anatamka njia nyeupe. Umezuia nini?"

Hilo lilikuwa kweli. Kunyamaza kwangu kulikuwa na saa za kazi. Ningeenda nyumbani na mikono safi, na kijana mgeni angeandika sheria kwa pwani nzima.

"Elewa basi huyo kijana atatengeneza nini," nikamwambia. "Akitamka kwamba mtoto akifa arobaini imekufa, umempa kila mwenye meli njia ya kufungua mlango. Leo mtoto amekufa mwenyewe. Mwakani, meli ya gesi imesimama hapo nje, kila saa ni hasara, na kati yao na bandari kuna kitoto kimoja kinanyonya. Unadhani kitafika arobaini?"

Akatazama nje, kwenye mlango wa bandari.

"Utakuta wavu umesahauliwa usiku. Boti ya doria imepoteza usukani. Ajali, Injinia. Zitakuwa ajali tupu, na baada ya kila ajali msikilizaji atasema ukweli mtupu: mtoto hayupo. Njia ni nyeupe."

"Unawatuhumu watu kwa kosa ambalo hawajalifanya."

"Sijamtuhumu mtu. Nimelea watoto. Ukiacha funguo kwenye kabati la sukari, huhitaji kumtuhumu mtu."

Akazungusha pete yake kidoleni. Nami sikumngoja. Nilivuta redio, nikabadili masafa, nikamwita Bi Somoe wa chama cha wakulima wa mwani. Wale wanawake wana mashua bapa zisizo na injini. Wanazisukuma kwa pondo kule mikokoni kila maji yakipwa.

"Somoe, hapa Mwatima."

"Mwatima wa pomboo! Waambie watoto wako waache kung'oa kamba zangu za mwani. Wiki jana wamecheza nazo kama shanga za kiunoni."

"Nitawafikishia. Una mashua ngapi zinazoelea?"

"Zinaelea zote, isipokuwa ya Fatu, ile inaelea ikitaka. Kwani vipi?"

Nikamweleza. Vichujio, Zumaridi, kijito. Nikamwambia na ukweli wote: bandari haijaruhusu, huenda akaulizwa.

"Aniulize nani? Kijito cha mikoko ni cha chama, tuna hati yake. Bandari yenu inaishia kwenye saruji yenu." Nikasikia anaziba redio kwa kiganja na kuwapigia wenzake kelele. Akarudi. "Tope liko kiunoni leo. Nahitaji watu wa kuvuta. Wanaume, si wanaume wa kusimama wakishauri."

"Nitaleta."

"Na nahodha wa meli atakubali kuzishusha?"

"Amekaa pale siku mbili anakula biskuti. Atakubali."

Nahodha alikubali kabla sijamaliza sentensi. Alisema winchi yake haina kufuli, na kama kina mama watafika, vichujio atavishusha kwa mkono wake mwenyewe akilazimika.

Nilipoweka redio chini Semkiwa alikuwa amesimama kati yangu na meza ya tamko. Hakunishika. Alisimama tu.

"Maji umeshayatafutia njia," akasema. "Vizuri. Sitakuzuia hilo, nitasema sikuona. Sasa nenda nyumbani. Usitamke kitu. Tafadhali."

"Na kijana wa saa nane?"

"Hilo si lako tena."

"Ni langu mpaka saa nane."

"Ukitoa tamko la maana ya sheria, leseni yako inasimama papo hapo mpaka Baraza liketi. Unajua Baraza linaketi lini? Miaka! Huna kazi nyingine. Una binti mzazi ndani ya nyumba na mjukuu. Halafu huna hata uhakika, Mwatima. Huenda Baraza likasema umekosea."

"Huenda."

"Na huo unaotaka kuusema si ukweli wa mashine. Mashine inasema wawili, wewe unajua ni mmoja. Utasema nini?"

"Nitasema mmoja."

Alinitazama sana. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia: alisogea. Si mbali, hatua moja, ya kutosha mwanamke wa umbo langu kupita.

Nikakaa. Nikavaa vipokea sauti. Pengo alikuwa anaita. Sheria inataka usikilize kabla ya kutamka, nami nilisikiliza, sikuharakisha. Aliita, akanyamaza, akaita. Mmoja wa wale wenzake watatu alikuwa amemkaribia sasa. Nilisikia mluzi wa pili, mzito zaidi, ukipita chini ya ule wa kwanza.

Nikabonyeza kitufe cha tamko. Taa ikawaka.

"Mimi ni Mwatima binti Nassoro, msikilizaji wa Ras Mtama. Nimesikiliza maji. Rekodi ya mashine irekebishwe: mtoto wa pomboo amekufa, aliyebaki ni mmoja. Njia si nyeupe. Mzazi yumo. Natamka, palipo na pengo katika sheria, kwamba arobaini ni ya mzazi. Mtoto akiishi ni ya mzazi, na mtoto akifa ni ya mzazi. Asisumbuliwe na mtu mpaka itimie."

Mashine ikasema kwa ile sauti yake ya kike isiyo na kwao: "Tamko hili litabadili makufuli yote na kusimamisha leseni ya msikilizaji. Thibitisha."

"Usi—" Semkiwa alianza.

"Nathibitisha," nikasema.

Kwenye ramani ya ukutani taa za vituo zikaanza kubadilika, yetu kwanza, halafu ya jirani, halafu zikakimbilia kaskazini na kusini moja baada ya nyingine, nyekundu zote. Kioo changu kikazimika. Kadi yangu iliyokuwa mezani ikalia mlio mdogo, mwanga wake ukafa. Chini kwenye gati, boti ya doria ya kampuni iliyokuwa inanguruma tangu asubuhi ikakohoa, kufuli lake likaizima.

Semkiwa alikuwa anatazama ramani, mikono kichwani. "Umefanya nini wewe mwanamke," akasema, lakini kwa sauti ya chini, kama anayezungumza peke yake.

"Somoe anataka wanaume wa kuvuta," nikamwambia. Nilikuwa nimeshajifunga kanga kiunoni na kukunja suruali. "Vua viatu hivyo, Injinia. Kule tope ni la kiunoni, na wodi ya watoto inasubiri."

Nikafungua mlango nikaanza kushuka ngazi. Nilipofika kwenye ngazi ya tatu nikasikia kiatu kimoja kikianguka sakafuni, kisha cha pili.